Ituri: kansa ya prostati ikishaenea, utafiti umemletea nini mgonjwa wa Gety?

Gety, katika usultani wa Walendu Bindi, kusini mwa Bunia, inajulikana zaidi kwa vita, na kwa mapatano ambayo serikali na kundi la FRPI walitia sahihi hapo tarehe 28 Februari 2020. Lakini kuna ugonjwa unaokuja bila mlio wa risasi. Mzee anaamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, anaona haya kusema, anakunywa dawa za mizizi. Siku mgongo unapouma mpaka anashindwa kulima, huenda kansa ya prostati imekwisha kuingia mifupani.

Ikifika hapo haiponi, lakini inaweza kuzuiwa kwa miaka. Mwaka 1941, munganga Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba kansa hiyo inalishwa na homoni ya kiume. Homoni ikikatwa, kansa inasinyaa. Ndiyo maana kutoa mapumbu kwa upasuaji mdogo ni matibabu halali hadi leo: yanafanywa mara moja, na hayadai sindano za bei kali kila miezi. Wanaume wengi wanakataa. Ni uamuzi mzito, wa kuzungumziwa na munganga na jamaa, bila kulazimishwa.

Utafiti haukuishia hapo. Jaribio kubwa liitwalo STAMPEDE, lililoanza Uingereza mwaka 2005, liliwapa wagonjwa vidonge vya abirateroni juu ya matibabu ya kawaida. Matokeo ya 2017, kwa wanaume 1917, yalionyesha kwamba baada ya miaka 3, wagonjwa 83 kwa 100 walikuwa hai, dhidi ya 76 kwa wale wasiopewa vidonge. Mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliweka dawa hiyo kwenye orodha ya dawa za lazima.

Tatizo ni bei. Jaribio lingine la 2018, kwa wagonjwa 72, lililinganisha miligramu 1000 za kumeza tumbo likiwa tupu na miligramu 250 pamoja na chakula. Alama za kansa katika damu zilishuka karibu sawasawa. Boksi la mwezi mmoja lingetosha miezi minne. Lakini jaribio lilikuwa dogo: mgonjwa asijipunguzie dawa mwenyewe.

Kansa ya mapafu ina mtego wake: kikohozi na kukonda vinafanana na kifua kikuu. Dawa ya kifua kikuu isiposaidia, inafaa kurudi hospitalini. Dawa mpya zipo: erlotinibu iliingia orodha ya OMS mwaka 2019, na pembrolizumabu Septemba 2025. Zote zinadai kwanza kipande cha uvimbe kipimwe katika maabara.

Kuwa kwenye orodha si kuwa dukani. Kutoka Gety, wengine wanatazama Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda iliyoanza 1967, lakini lazima wavuke mpaka, na safari inakula ng'ombe wa familia. Kwa hiyo dawa ya bei ndogo zaidi bado ni kusema mapema: mwanaume aliyevuka miaka 50, mkojo ukisumbua, aende kwa munganga kabla mgongo haujaanza kuuma.