Kisu cha kukunja: anza na kiungo

Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato nje kidogo ya jiji la Dodoma, karibu kila mtu ana kisu. Mchunaji ana chake kirefu. Muuza nyama choma ana chake kilicholiwa na kinoo mpaka kimebaki chembamba kama dagaa. Mfugaji aliyeleta mbuzi wawili anacho kidogo cha kukunja, kimefichwa ndani ya shuka. Pembeni, juu ya turubai lililotandikwa vumbini, vijana wamepanga visu vipya vya kukunja pamoja na tochi, kufuli na miwani ya jua.

"Mzee wangu, hiki Mjerumani orijino, jaribu mwenyewe," kijana mmoja aliniambia. Akakifyatua, akashika karatasi ya daftari na kuichana hewani vipande vipande. Ilikatika vizuri kabisa. Nikakipokea, nikaishika ncha kwa vidole viwili na kuitikisa juu na chini. Ikacheza. Nikamrudishia kisu chake, naye akaniangalia kama mtu aliyekataa pilau.

Karatasi ndiyo kipimo cha wanunuzi wengi, na kwangu ni kipimo dhaifu kuliko vyote. Makali ya kisu kipya yanakupa habari za aliyekinoa kiwandani siku ile. Habari za chuma hayakupi. Tena kisu kilichonolewa harakaharaka hubaki na kiwaya chembamba cha chuma kilichojikunja ukingoni. Kiwaya hicho hupita kwenye karatasi kama wembe, kisha hukatika au hulala ukishafungua magunia mawili ya mahindi. Na hata hivyo makali si hoja kubwa, kwa sababu yakiisha utayarudisha mwenyewe kwa kinoo. Kiungo kilichotoka kiwandani kimelegea ni habari nyingine. Riveti ikishagongwa vibaya, fundi wa mtaani akiigonga tena kisu kinakuwa kigumu kufunguka, na baada ya mwezi kinalegea upya.

Kwa hiyo anza pale bapa linapokutana na mpini. Kisu kikiwa kimefungwa, kielekeze kwenye mwanga utazame ndani ya mpini: bapa likae katikati, lisiegemee upande. Pitisha kona ya kitambaa juu ya ncha. Ikinasa, ncha inachungulia nje, na kesho itanasa mfuko wako au paja lako. Sasa kifungue polepole, usikifyatue kama wanavyofanya wauzaji. Usikie kinatembea kwa uzito mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwaruza wala kukwama, kisha loki iingie kwa mlio mmoja mkavu: tak! Mlio ukiwa wa kuburuta, kuna kitu hakijakaa mahali pake.

Kisha kitikise. Kikicheza kidogo kulia na kushoto na kiungo ni cha skrubu, si mwisho wa dunia, utakikaza. Kikicheza juu na chini, kiache. Mchezo wa juu na chini maana yake loki haijalikamata bapa sawasawa, na siku utakapokandamiza kwa nguvu kitajikunja upande wa vidole. Nina kovu kwenye kidole cha shahada la kisu cha namna hiyo, nilichonunua kwa sababu mpini wake ulikuwa mzuri. Nilikuwa nakata mpira wa maji shambani. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia mlio.

Kama loki ni ile ya bamba la ndani ya mpini linalosogea pembeni, tazama limeingia kiasi gani nyuma ya bapa. Likigusa kwa ukucha tu litateleza. Likiwa limevuka hadi upande wa pili kisu kikiwa bado kipya, halina tena pa kwenda litakapochakaa. Gonga mgongo wa kisu taratibu juu ya mbao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Loki nzuri haitikisiki. Visu vingine havina loki kabisa, vina springi tu mgongoni. Hivyo si vibovu kwa sababu hiyo, ila usichomee navyo kitu, wewe kata tu.

Neno "Mjerumani" nalo lina historia yake. Mwaka 1902, nchi hii ikiwa koloni la Ujerumani, kisu cha kukunja kiitwacho Okapi kilianza kutengenezwa huko Ujerumani kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika. Kilipewa jina la mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua rasmi mwaka 1901. Ni kile chenye nyota na mwezi kwenye mpini, na pete ya kuvuta mgongoni ili loki iachie. Tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo hata Okapi halisi, kikiwa kipya, si Mjerumani tena, na wala si kisu cha kifahari: ni chuma cha kawaida chenye kaboni kinachonoleka upesi, kazi yake ya mikono ikiwa ya wastani.

Maandishi ya kwenye bapa yasikutishe pia. "Rostfrei" ni Kijerumani, na "Inox" imetokana na Kifaransa. Yote mawili yanasema tu kwamba chuma hakishiki kutu. Hayasemi kisu kimetoka wapi. "Solingen" ni jina la mji wa wahunzi wa visu huko Ujerumani, nalo limelindwa kwa sheria ya nchi hiyo tangu 1938. Ukilikuta juu ya turubai limekosewa herufi moja, umeshapata jibu.

Kuna imani nyingine mtaani kwamba stenlesi nzuri haishikwi na sumaku. Kwa kijiko na sufuria, mara nyingi ni kweli. Kwa kisu ni kinyume. Chuma cha vijiko hakiwezi kukomazwa kwa moto, kwa hiyo hakishiki makali. Chuma cha visu kinachokomazwa vizuri hunaswa na sumaku barabara. Chukua kisumaku cha spika mbovu uende nacho dukani. Bapa la chuma lisiponaswa, hicho ni kijiko chenye ncha. Sumaku ikinasa, bado hujajua ugumu wake, na hapo tupa ndiyo hakimu: sehemu ya mgongo iliyo karibu na kiungo, tupa iteleze na kukwaruza kidogo tu. Ikizama na kutoa unga kama inavyofanya kwenye nondo, chuma ni laini. Muuzaji hatakuruhusu kufanya hivyo, na sitamlaumu, lakini ukinunua kimoja ukakipima nyumbani utajua kama urudi kwa cha pili. Tazama pia ncha na ukingo kama kuna doa la buluu. Buluu ni alama ya moto wa mashine ya kunolea, na pale ilipotokea ugumu umeshaondoka.

Kisha kuna suala la kutu, ambalo wanaoandika juu ya visu hulishikilia sana. Mtu wa Tanga au Bagamoyo ana haki ya kulishikilia, maana chumvi ya bahari hulala kwenye chuma usiku na asubuhi kimekuwa chekundu. Sisi wa Dodoma tunapata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka kwa wastani, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Huku kisu cha kaboni kinaishi raha mustarehe. Ukikatia maembe au zabibu kitageuka kijivu, na kijivu hicho si kutu. Adui wetu ni vumbi. Upepo wa Agosti unaleta mchanga mwembamba unaoingia kwenye kiungo na kukisaga taratibu kama jiwe la kinu. Ndiyo maana mimi napendelea mpini ulio wazi mgongoni, unaokuwezesha kuona mwanga upande wa pili, na pini ya skrubu kuliko ya riveti. Kioshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki mkuukuu, kikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Usitumie ya alizeti, hata kama Dodoma na Singida tunayo tele. Yakikaa hewani yanaganda na kunata, na vumbi linapata gundi.

Jambo la mwisho ni unene. Bana bapa kwa vidole nyuma kidogo ya makali. Likiwa nene kama tindo, litapasua embe badala ya kulikata. Wanaobebesha miembe wachague kilichonolewa upande mmoja, na mwenye kutumia mkono wa kushoto aulize mapema, kwani vingi vimenolewa kwa ajili ya mkono wa kulia. Kwa kazi nyingine zote, nunua kipande cha kamba ya katani urefu wa mkono. Kata vipande ishirini juu ya ubao, kisha ujaribu karatasi. Kisu kinachokata karatasi baada ya katani, hicho nakipa heshima. Kile cha Msalato sijui kama kingefika kipande cha tano.

Na ukiwa unasafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi la mzigo kabla ya kutoka nyumbani. Kikikutwa mfukoni kwenye ukaguzi, hupandi nacho.