Tuangalie mizizi mbele ya majani

Ndugu wanakoperative, siku ya kupokea miche sisi wote tunaangaliaka juu. Mche ni mrefu? Majani ni ya kijani? Basi, pakia kwa gari, twende. Ni mara chache mtu anapasua sashe aone chini kunaendelea nini. Na kule chini ndiko inaamuliwa kama mti utasimama miaka mingi ao utalala na upepo mwaka wa 4.

Tunasema hayo sasa kwa sababu msimu wa mvua ya Septemba unakuja, na koperative nyingi ziko katika kufanya mikataba ya miche: makadamia, avoka, kahawa, grevilea. Franka zinatoka. Na si franka tu. Kwa jamaa iliyo na nusu ya hekta, kutoa kipande cha shamba kwa mti ambao utazaa nyuma ya miaka 5 si mchezo, juu pale pangetoa maharage mara mbili kwa mwaka. Mti ukianguka, nani atamrudishia mama yule miaka yake?

Mbegu kubwa kama ya makadamia ao ya avoka iko na tabia moja: inatuma mzizi chini mbele ya kutoa majani. Ulaya na Marekani kuna mti mgumu unaoitwa mwaloni, ule wanaotengeneza nao mapipa ya divai. Kuna aina zake ambazo mbegu inashusha mzizi ardhini mbele ya baridi kuanza, na majani yanatoka miezi ya nyuma tu. Mzizi huo wa katikati, ambao wengi wetu tunauita pivo, unatafuta kushuka moja kwa moja. Haujui kwamba umepandwa ndani ya plastiki.

Sasa ndani ya sashe ya kawaida inakuwaka hivi. Pivo inashuka, nyuma ya wiki chache inagonga kitako, inapinda, inaanza kuzunguka. Mizizi ya pembeni inagonga ukuta wa plastiki, na yenyewe inazunguka. Juu, mche unaendelea kurefuka vizuri, kwa hiyo hakuna mtu anajua kitu. Unaupanda shambani na ile duara yake, na duara hainyooki tena. Mizizi inanenepa, moja inabana ingine, mpaka inafunga shingo ya mti kama kamba ya mbuzi iliyosahauliwa. Mwaka wa 3 ao wa 4 majani yanakuwa ya manjano bila ugonjwa wowote, ao mti unainama kwenye upepo, na ukiusukuma unazunguka ndani ya shimo kama mwiko ndani ya chungu. Wakulima wanasema ni udongo mbaya. Wengine wanasema ni jirani. Chimbeni, mtaona.

Makadamia inaumia zaidi, juu mizizi yake kwa asili haishuki sana na upepo unaiweza kwa urahisi. Kwenye miteremko ya Lubero ao ya Kabare, mti usio na mizizi ya kushikilia pande zote ni mti wa kuanguka.

Kuna na ile hali ya pili: sashe imewekwa chini juu ya udongo, pivo inapita kwenye tundu na kuingia ardhini. Mche unakuwa mzuri sana, unapita wenzake wote. Siku ya kupakia, mtu wa pepinyeri anauvuta, kwachu! Mzizi uliokuwa unalisha mti unabaki kule chini. Nyuma ya siku 3 mche umelegea, na tunalaumu barabara.

Dawa yake ni ya zamani kidogo na haina siri. Huko Marekani, mtafiti wa miti Carl Whitcomb alianza, mwisho wa miaka ya 1960, kuotesha miti ndani ya maboksi ya karatasi ya maziwa, yaliyokatwa kitako na kuwekwa juu ya wavu. Mzizi ulishuka, ukafika hewani, ncha yake ikakauka ikafa. Hapo mti ukafanya kama mkahawa unapokatwa kichwa: ukatoa matawi, lakini haya yalikuwa matawi ya mizizi. Ile mizizi mipya nayo ikifika hewani inakauka ncha, na ingine inatoka. Nyuma ya miezi kadhaa mche uko na mizizi mingi midogo iliyotazama pande zote na chini, tayari kukimbia siku unawekwa shambani. Hewa yenyewe ndiyo wembe.

Leo viwanda vinauza vyombo vya plastiki ngumu vya kazi hiyo, vyenye matundu pembeni na mistari ya kuongoza mizizi chini. Ni vizuri, vinatumika miaka mingi, lakini kwa bei ile hatushauri koperative ndogo ianze navyo. Anzeni na plastiki ya rulo, ile wanayokata kwa kufanya sashe. Kateni vipande vya sentimita 20, muache wazi juu na chini. Kwa chini wekeni kipande cha jani kavu la mgomba kwa kuzuia udongo wiki za kwanza. Litaoza lenyewe wakati mizizi imeshashika. Udongo usiwe wa mfinyanzi peke yake. Udongo mweusi, mchanga, na mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa, uloweshwe kidogo na ushindiliwe kwa vidole.

Kisha meza. Hapa ndipo watu wanakosea hesabu. Mkimpa kila mche sentimita 10 kila upande, meza ya mita 1 kwa 5 inabeba miche 500. Mche mmoja na udongo wake wenye maji unapita kilo 1, ni kusema mnaweka zaidi ya nusu ya tani juu ya miti na kamba. Kwa hiyo miguu iwe minene, na isiachane zaidi ya mita 1. Ipakeni mafuta machafu ya moteri juu ya mchwa. Kwa juu, griyaji ya kuku peke yake italegea katikati kama kitanda cha zamani. Ipangieni fito chini yake, ao tumieni mianzi iliyopasuliwa, mkiacha nafasi ya kidole kati ya mwanzi na mwanzi. Urefu kutoka chini, sentimita 50 zinatosha. Kinachotakiwa ni hewa ipite. Majani yakiota chini ya meza mpaka yagonge kitako cha miche, yanaleta unyevu, na mizizi haitakauka ncha.

Kama hamna mbao, kuna kazie za bia. Ile ya chupa 12 iko na vyumba vyake tayari, na kwa zile zenye matundu chini, hewa inapita vizuri. Iwekeni juu ya matofali, kila chumba mche mmoja, na siku ya kupakia mnabeba kazie yote bila kushika mche. Mwenye depo akubali kwanza, maana kazie iko na konsinyasio yake.

Kuna bei ya kulipa, nayo ni maji. Mche wa juu ya meza unakauka upesi kuliko ule ulio chini. Wakati wa kiangazi ni asubuhi na jioni, na mistari ya pembeni inaumia ya kwanza. Ikingeni na ubao ama nyasi kwa pembeni, lakini chini muache wazi. Kama pepinyeri yenu iko mbali na mto na hakuna mtu wa kulala na arozwari, msianze na meza 10. Anzeni na moja. Na msidhani mche unaweza kukaa juu ya meza miaka. Grevilea ikipita miezi 6 pale imeshachoka. Makadamia ya kugrefe inakaa zaidi ya mwaka, kwa hiyo inahitaji kuhamishiwa chombo kikubwa, nacho kiwe wazi chini vilevile.

Sasa kuhusu mikataba. Miche inanunuliwa kwa hesabu na kwa urefu, na wafadhili wanapenda namba kubwa kwenye ripoti. Sisi tunaona urefu ni kipimo kibaya. Mche mfupi wenye mizizi iliyonyooka utaupita mrefu wa mizizi ya duara. Kwa hiyo muandike ndani ya mkataba, mbele ya kutoa avansi: siku ya kupokea, komite itachagua miche 5 kwa kila lo, itakayochagua yenyewe, si ile ya mbele inayoonyeshwa na muuzaji. Leteni ndoo ya maji. Pasueni sashe, oshenyi udongo taratibu, tazameni. Pivo iliyopinda kama shingo ya bata, ao mizizi iliyofanya kata chini, mbili kwa tano zikiwa hivyo, lo yote inarudi. Ile miche 5 iliyooshwa ilipwe na koperative, ni haki ya mtu wa pepinyeri.

Na kwa wale ambao tayari wako na miche ya sashe nyumbani, msiitupe. Siku ya kupanda, chukueni wembe mkali, kateni sentimita 2 za chini pamoja na sashe yenyewe, juu duara nyingi iko pale. Kisha chaneni pembeni mara 3 kutoka juu mpaka chini, si kwa kina, kiasi cha kukata mizizi inayozunguka. Toeni plastiki yote. Kwa makadamia mkono uwe mwepesi, maana haipendi kusumbuliwa, lakini mzizi wa duara ukatwe tu. Punguzeni na majani kidogo, mpande jioni ao siku ya mawingu, na mumwagie kila mche maji siku hiyohiyo hata kama mvua inaonekana inakuja.