Ndoa za Mfululizo Mpimbwe na Mipaka ya Maelezo ya Kimageuko

Nadharia ya mageuko hutumiwa mara nyingi kueleza kwa nini wanaume hudhaniwa kutafuta wenzi wengi kuliko wanawake. Chimbuko la hoja hiyo ni jaribio la Angus Bateman la mwaka 1948 kuhusu nzi wa matunda. Bateman alihitimisha kwamba uzao wa dume huongezeka kadiri anavyopata majike wengi, ilhali jike hanufaiki kwa kiwango hicho. Mwaka 1972 Robert Trivers aliihusisha tofauti hiyo na mzigo wa malezi, na hoja ikapanuliwa hadi kwa binadamu.

Ushahidi kutoka Mpimbwe, kusini mwa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, unaitia shaka hoja hiyo. Miongoni mwa Wapimbwe ndoa huvunjika kwa urahisi, na wengi huoa au kuolewa zaidi ya mara moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder alibaini kwamba wanawake walioolewa mara nyingi walielekea kuwa na watoto wengi zaidi waliosalia hai. Wanaume waliooa mara nyingi hawakupata faida hiyo. Alipendekeza kuwa kubadili mume huenda ni njia ya mwanamke ya kujikinga na misukosuko ya kiuchumi na kijamii.

Hata hivyo, matokeo hayo hayathibitishi kwamba wingi wa ndoa ndio chanzo cha wingi wa watoto. Huenda mwanamke mwenye afya na bidii ya kilimo hupata wachumba kwa urahisi na pia hulea vema. Hapo sifa moja huzaa matokeo yote mawili. Aidha, kuhesabu wenzi si sawa na kuhesabu miaka iliyoishiwa ndani ya ndoa, na kipimo kinachoteuliwa huweza kubadili hitimisho. Jaribio la Bateman lenyewe liliporudiwa na Patricia Gowaty na wenzake mwaka 2012, lilionekana kuwa na kasoro: baadhi ya wana wa nzi waliorithi alama za wazazi wote wawili walikufa kabla ya kuhesabiwa.

Kwa hiyo, Mpimbwe haiiangushi nadharia ya mageuko, bali inaibana itoe utabiri unaozingatia mazingira. Inadhihirisha pia kwamba kauli ya kuwa mwanamume “ameumbwa hivyo” haina uzito wa kisayansi unaodaiwa, wala haiwezi kuhalalisha mwenendo wa yeyote.