Kabla ya Kujaza Gesi, Sikiliza Feni

"Gesi imeisha, bosi." Nilikuwa sijamaliza hata kueleza ugonjwa wa gari, fundi alishachomeka mipira ya geji. Nilikubali. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, saa nane mchana, na mtu aliyelowa jasho hana hoja. Nikalipa shilingi 60,000. Hewa ikatoka ya baridi kweli, ila kidogo, kama mtu anayepoza chai. Hata kabla ya gesi ilikuwa inatoka vivyo hivyo.

Upepo mdogo na baridi ndogo ni magonjwa mawili. Gesi huleta baridi. Upepo huletwa na feni iliyojificha chini ya dashibodi, upande wa abiria kwa magari yetu ya usukani wa kulia. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: zima AC, acha feni peke yake, kisha pandisha namba moja hadi nne huku ukisikiliza.

Feni ikinguruma vizuri lakini upepo ukawa hafifu, njia imeziba. Mshukiwa wa kwanza ni filta ya AC, ambayo kwenye Toyota nyingi ndogo iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Unakichomoa kwa mikono bila spana. Nilitajiwa 20,000 kwa filta mpya Gerezani. Wapo wanaoipuliza kwa kompresa na kuirudisha, na kwa mara moja si vibaya, lakini iliyokwisha kuwa nyeusi ni ya kutupa. Ukiweka mpya, fuata mshale wa mwelekeo wa hewa. Usishangae pia ukikuta hakuna filta kabisa: magari mengine hufika na nafasi yake tupu, na vumbi lote la barabara huenda kuganda kwenye evaporeta, ile sehemu ya ndani inayopoza hewa. Hapo gharama hupanda. Povu la kusafishia linaweza kutosha, lakini uchafu ukishashikamana itabidi dashibodi ishuke. Mimi ningejaribu povu mara mbili kwanza, maana dashibodi ikishafunguliwa mara nyingi huanza kuimba kwenye kila tuta.

Feni ikiwaka namba nne tu, rezista imeungua. Namba nne hupata umeme moja kwa moja, zilizobaki hupitia rezista, ndiyo maana yenyewe hunusurika. Ya mtumba pale Ilala niliambiwa 30,000, na kuibadilisha ni skrubu mbili na plagi moja. Gari lenye AC ya kujiendesha yenyewe kwa kawaida halina rezista hii; lina kifaa cha kielektroniki badala yake, ghali zaidi, kwa hiyo usinunue kabla hujachomoa cha zamani na kukipeleka dukani ukilinganishe.

Kimya kabisa? Anza na fyuzi, ambayo ni ya mia chache tu, halafu rilei. Ila fyuzi ikiungua tena, mtu asikuwekee waya wala fyuzi kubwa zaidi. Huko ni kuomba moto. Kama umeme unafika, gonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake zimeisha. Hapa ndipo pa kupiga hesabu. Kubadilisha kaboni nilitajiwa 20,000, mota ya mtumba 80,000, mota mpya ya kopi 120,000. Mpya huvutia macho, lakini kati ya kopi isiyojulikana na mota halisi iliyotoka kwenye gari la Japani, mimi nachukua ya mtumba, mradi muuzaji aichomeke kwenye betri nisikie mlio wake. Kubadilisha kaboni ni sawa ikiwa shaba ya mota zinapogusa haijachimbika. Ikishachimbika, kaboni mpya zitalika haraka na utarudi pale pale.

Upepo ukienda kwenye kioo cha mbele badala ya usoni, tatizo ni kimlango cha ndani kinachoelekeza hewa, au mota yake ndogo.

Sasa kuna hali moja ambapo fundi wa gesi anaweza kuwa na haki. Unatoka Dar upepo ukiwa mkali, unafika Chalinze umekufa, feni bado inalia. Zima AC, acha feni dakika kumi. Upepo ukirudi na maji yakamwagika mengi chini ya gari, evaporeta ilikuwa imeshika barafu. Gesi pungufu husababisha hilo. Filta iliyoziba pia, na kihisi cha joto kikiharibika. Mwambie apime presha kwanza, na kama gesi imepungua atafute inakovujia kabla ya kujaza.

Gari langu? Kwenye filta kulikuwa na majani ya mwarobaini na kiota cha panya. Na kwa wiki kadhaa nilikuwa naendesha kwa namba nne tu, nikidhani swichi imechoka. Rezista hukaa kwenye mkondo wa upepo ili ipoe. Filta ilipoziba, ikakosa upepo, ikaungua. Filta 20,000, rezista 30,000, ufundi wangu mwenyewe. Nilirudi kwa fundi kuulizia zile 60,000. Akanijibu bila kupepesa: hazijapotea, bosi, zimo humo humo kwenye gari.