USHIRIKA WA WAKUTUBI KWA NJIA YA MTANDAO

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi watumishi wa maktaba wanavyoweza kuunda ushirika wa kazi kwa njia ya mtandao, na kwa nini jambo hili lawahusu wachunguzi wa Kiswahili pia, si wakutubi peke yao.

Maneno kitabu, maktaba, katibu na mkutubi yametoka katika shina moja la Kiarabu. Lakini maneno yana ndugu kuliko mkutubi mwenyewe, kwani yeye aghalabu hufanya kazi bila ya mwenzi. Mwalimu ana walimu wenziwe katika chumba cha pili. Mkutubi wa shule au wa mji mdogo mara nyingi hana wa kumwuliza. Akitatizwa, hukata shauri kwa akili yake, na shauri hilo huingia katika orodha likakaa humo miaka mingi.

Tuchukue mfano. Utungo mmoja wa kale wa pwani hujulikana kwa jina la Utendi wa Tambuka, na pia kwa jina la Chuo cha Herkal. Tena neno utendi la Kiamu huwa utenzi kwa Kiunguja. Ikiwa mkutubi mmoja ameuandika chini ya jina hili na mwingine chini ya jina lile, bila ya kuelekezana, mwanachuoni atafutaye kwa jina moja atapata baadhi tu ya nakala zilizopo, wala hatajua kwamba zimo nyingine. Kadhalika majina ya watungaji. Shaaban Robert (1909–1962) jina lake mwenyewe ni Shaaban, na Robert ni jina la babake. Je, aandikwe chini ya S au chini ya R? Desturi ya orodha za Ulaya ni kutanguliza jina la ukoo. Desturi ya pwani ni jina la mtu, kisha la babake. Swali kama hili halifai kukatwa na mtu mmoja. Lahitaji baraza.

Haja ya baraza si mpya. Wakutubi wa Marekani waliunda chama chao mjini Philadelphia mwaka 1876, mwaka ule ule Melvil Dewey alipotoa mpango wake wa kupanga vitabu kwa tarakimu, ambao leo huipa lugha ya Kiswahili namba 496.392 na fasihi yake 896.392. Shirikisho la vyama vya mataifa, IFLA, lilianzishwa Edinburgh mwaka 1927. Katika Afrika ya Mashariki chama cha maktaba kiliundwa mwaka 1957, na mapema katika miaka ya 1970 kikagawanyika kuwa vyama vya Kenya, Tanzania na Uganda. Lakini chama huishi kwa mikutano, na mkutano wahitaji nauli. Aghalabu waendao ni wakuu. Abakiye ni yule aandikaye orodha yenyewe.

Mtandao ulianza kwa kushiriki orodha kabla ya kushiriki mashauri. Shirika la OCLC liliundwa katika jimbo la Ohio mwaka 1967, na mwezi wa Agosti 1971 maktaba ya Chuo Kikuu cha Ohio ilianza kuorodhesha vitabu kwa mashine zilizounganishwa nalo. Kitabu kilichokwisha elezwa na maktaba moja hakikuhitaji kuelezwa upya na nyingine. Faida ilikuwa kubwa, lakini na kosa likawa la wote. Mwaka 2003 OCLC, kwa msaada wa mfuko wa Bill na Melinda Gates, ilianzisha WebJunction, mahali pa watumishi wa maktaba kujifunza na kushauriana. Mfuko huo ulikuwa umegawa kompyuta katika maktaba za umma za Marekani, na watumishi wake walihitaji msaada wa kudumu baada ya mashine kuwasili.

Ushirika wa namna hii haujengwi kwa mitambo tu. Kwanza, uwe na kazi maalumu, kwa maana watu hawarudi mahali pa salamu tupu. Pili, awepo msimamizi wa kuhakikisha kwamba kila swali lina wa kulijibu. Aulizaye mara moja akanyamaziwa, hatauliza tena. Tatu, majibu yahifadhiwe na kupangwa, yasipotee kama mazungumzo ya njiani. Nne, mdogo asione haya mbele ya mkubwa. Na hapa lugha ni jambo kubwa. Mtumishi afanyaye kazi kwa Kiswahili kutwa, akilazimishwa kuuliza kwa Kiingereza, huenda akachagua kunyamaza.

Hapo ndipo wataalamu wa lugha wanapohitajiwa. J. W. T. Allen alitunga orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyohifadhiwa Dar es Salaam, nayo ikachapishwa mwaka 1970. Kazi kama hiyo yadai ujuzi wa lahaja, wa hati za Kiarabu na wa majina ya watu wa pwani, na ujuzi huo hukaa vichwani mwa wachache. Mkutubi apokeaye kifurushi cha karatasi za marehemu hawezi kuwa nao wote. Akipata wa kumwuliza siku ile ile, utenzi utaingia katika orodha kwa jina lake. Asipompata, utaandikwa “karatasi za Kiarabu” na kuwekwa rafuni, na itakuwa kama kwamba haukutungwa.