Speisa au Rimu Mpya: Hesabu ya Milimita 95 za Land Cruiser

Toyota ilipoiwekea Land Cruiser ya mfululizo wa 70 injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5 mwaka 2007, ilibidi sehemu ya mbele ya gari ipanuliwe ili injini ienee. Ekseli ya nyuma ikaachwa ilivyo. Kwa hiyo matairi ya nyuma yamekaribiana zaidi kuliko ya mbele kwa milimita 95, yaani 47.5 kila upande. Kwenye lami dereva hajali. Kwenye mchanga na tope, tairi la nyuma halipati mkondo uliokwisha kukandamizwa na la mbele. Linajichimbia wake, na gari linazama mapema.

Wenye pikapu hizi hukimbilia njia mbili. Ya kwanza ni speisa: pande la aluminiamu linalofungwa kwenye habu kwa nati tano za gari, kisha rimu ya zamani hufungwa juu yake kwa boliti tano za speisa yenyewe. Ya pili ni rimu mpya yenye ofseti tofauti, yaani ule uso unaokutana na habu umesogezwa ndani ili tairi litokeze nje.

Tuanze na pesa. Kwa bei za maduka ya Marekani, jozi ya speisa nzuri za tundu tano mara nyingi ni dola 150 hadi 250. Rimu ya chuma ya inchi 16 ni dola 100 hadi 150, hivyo mbili ni dola 200 hadi 300. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kuna tairi la akiba. Ukiwa na speisa, rimu zote zinabaki za aina moja na akiba moja inatosha. Ukiwa na rimu mpya nyuma, unahitaji ya tatu kwa ajili ya akiba, na bili inapanda hadi dola 300 au 450, bila ujira wa kuvua na kuvisha matairi. Speisa inaokoa dola 150 hadi 200. Hapo ndipo wengi hufunga hesabu, na hapo ndipo wanapokosea.

Beringi za habu haziulizi milimita 47.5 zimetoka wapi. Iwe ni speisa, iwe ni rimu, uzito umesogea nje kwa kiasi kilekile. Chukua mfano wa beringi mbili zilizoachana kwa milimita 60, gurudumu likibeba kilo 1,000 na uzito ukiangukia katikati yake. Kila beringi inabeba kilo 500. Sogeza uzito nje kwa milimita 47.5: ya nje sasa inabeba kilo 1,292, na ya ndani inavutwa kinyume kwa kilo 292. Umri wa beringi ya rola hupungua kwa kipeo cha 10/3 cha ongezeko la mzigo. Kwa hesabu hiyo, beringi ya nje inabaki na takriban sehemu moja kati ya 24 ya umri wake. Gari likiwa tupu, gurudumu likibeba kilo 500, beringi hiyo inapata kilo 646. Ndiyo maana gari la matembezi linaweza kwenda muda mrefu na speisa, na la mizigo likaanza kunguruma mapema.

Kwa gurudumu lilelile la kilo 1,000, ukisogeza milimita 25 tu kila upande, beringi ya nje inabeba kilo 917 badala ya 500, na umri unabaki kama sehemu moja kati ya saba na nusu. Bado ni gharama, lakini inahimilika.

Basi speisa na rimu zinatofautiana wapi? Kwenye viungo. Nati kumi za nyuma zinakuwa ishirini, na kumi kati yake zimejificha nyuma ya rimu. Huwezi kuzikagua bila kuvua gurudumu, na kwenye barabara ya makorongo nati isiyokaguliwa hulegea. Zile speisa nyembamba za kupachika tu, zisizo na boliti zake, ni mbaya zaidi: boliti za gari hili ni za milimita 14 zenye hatua ya 1.5, kwa hiyo speisa ya milimita 5 inakula zaidi ya mizunguko mitatu ya nati. Usiziweke.

Sheria nazo hazifanani. Australia, ambako gari hili linapendwa sana, hairuhusu speisa za kuongezwa, na kwa magari ya porini upana kati ya magurudumu haupaswi kuzidi wa kiwandani kwa zaidi ya milimita 50 kwa jumla. Ujerumani inaziruhusu zikiwa na cheti cha kiufundi. Popote ulipo, iulize kampuni yako ya bima kabla ya fundi.

Kama pikapu yako inabeba tani, usitafute milimita 95 kwa speisa wala kwa rimu. Ekseli iliyorefushwa, ambayo habu na beringi zake husogea pamoja na gurudumu, ni ghali mara kadhaa, lakini ndiyo tiba pekee inayoacha mzigo mahali pake. Kama haibebi sana, nunua rimu tatu zenye milimita 25 za ziada. Ukishikilia speisa, kaza kwa spana ya kipimo, vua magurudumu baada ya kilomita 100 ukaze tena, kisha rudia kila huduma ya gari.