Visu vya Mashine ya Kufyekea: Mchanga wa Mtunda Ndio Unaochagua

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulimalizia kwenye injini na mchanganyiko wa petroli na oili. Leo tunashuka hadi chini, kwenye kitu kinachogusa nyasi chenyewe.

Mwenye shamba la mikorosho Mtunda akiingia duka la pembejeo Kibiti mjini, au akifunga safari hadi Kariakoo, atawekewa mezani vitu vinne: kichwa cha uzi wa nailoni, bapa la meno mawili, kisu cha meno matatu, na duara la msumeno lenye meno 40 au 80. Vyote vinafungwa kwenye mashine ileile ya kuvaa begani. Muuzaji atamuuliza nyasi zake ni ngumu kiasi gani. Si swali baya, lakini kwa ardhi ya wilaya ya Kibiti liwe la pili. La kwanza ni hili: chini ya nyasi hizo kuna nini?

Kuna mchanga. Bondeni, Rufiji ikifurika huacha udongo mzito unaopendwa na mpunga. Mikorosho imekaa juu, kwenye miinuko ya kichanga. Punje za mchanga huo kwa sehemu kubwa ni kwatzi, jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida cha kisu. Sasa fikiria mwendo. Kisu chenye kipenyo cha milimita 255 kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia karibu mita 93 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Kwa mwendo huo, kila kinapogusa ardhi kinasagwa. Mkulima huona kisu kimekuwa butu baada ya muda mfupi, akalaumu duka kwamba limemuuzia kitu hafifu, kumbe kisu kilikuwa kinalima badala ya kufyeka.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni kimo. Fyeka ukiacha vidole vinne juu ya ardhi, na kisu chochote utakachochagua kitadumu. Kama unataka ardhi iwe nyeupe kabisa chini ya mkorosho wakati wa kuokota korosho, kazi hiyo ni ya reki na ufagio wa chelewa. Usiitume mashine huko.

Tuanze na uzi. Ulibuniwa na George Ballas huko Houston, Marekani, mwaka 1971, baada ya kutazama brashi za mashine ya kuoshea magari zikizunguka. Alitoboa kopo, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine yenye injini ndogo. Wazo zuri sana kwa ukoka unaoota kando ya ukuta na msingi wa nyumba, mahali ambapo chuma kingegonga saruji. Uzi wa milimita 2.4 unatosha kwa nyasi laini. Wa milimita 3 unahitaji injini yenye nguvu zaidi.

Ila kwenye shamba la mikorosho nauogopa, hasa penye miche. Watu huuona uzi kuwa mpole kwa sababu si chuma, kisha huuzungusha hadi kwenye shina la mche. Gome la mche ni jembamba, na chini yake tu ndimo mnamopita chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Uzi ukilichubua pande zote, mche utaonekana mzima kwa wiki kadhaa, halafu utanyauka, na mwenye shamba atatafuta ugonjwa au mdudu asimwone. Palilia mche kwa jembe la mkono, mduara wa mita moja, kisha mashine ipite nje ya mduara huo. Pia uzi hulika kidogo kidogo, na vipande vyake vya plastiki hubaki shambani. Wilaya hii maji yake yanaelekea delta ya Rufiji, penye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki. Kwa ekari kumi kila mwaka, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa kazi ya shamba lenyewe, yaani nafasi za kati ya mistari, nachagua meno matatu bila kusita. Kanuni yake ni rahisi, ingawa wengi huigeuza: meno machache ni ya nyasi, meno mengi ni ya mti. Nyasi ndefu huhitaji nafasi pana kati ya jino na jino ili mabua yaingie, yakatwe, yatoke. Ukifunga duara la meno 80 kwenye nyasi za motomoto zilizokomaa, mabua yatajisokota kwenye shingo ya mashine na injini itazimika. Bapa la meno mawili hukata nyasi vizuri sana, na mengi yake yamenolewa pande zote mbili, hivyo upande mmoja ukiisha unaligeuza. Udhaifu wake ni kwamba likikutana na kisiki hurusha mikono kwa nguvu, na shamba lililofunguliwa porini halikosi visiki. Meno matatu yanavumilia vijiti vya unene wa kidole. Zaidi ya hapo, kwenye vichaka vilivyorudi katika shamba lililotelekezwa, ndipo duara la msumeno linapostahili bei yake. Lile lenye vipande vya kabaidi kwenye ncha huvumilia mchanga kuliko chuma kitupu, lakini likigonga jiwe vipande hivyo hukatika na kuruka.

Kuna kitu kimoja nisingependa kukiona Mtunda: vichwa vyenye vipande vya mnyororo badala ya kisu. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliviondoa sokoni kwa mashine za kushika mkononi, baada ya pete ya mnyororo kukatika na kumuua mtu. Weka katika kundi hilohilo visu vya kuchomelewa vinavyotengenezwa kwa springi za gari. Fundi anaweza kufua panga zuri sana kwa springi, na panga hilo likatumika miaka. Panga haliendi mita 93 kwa sekunde. Ufa usioonekana kwa macho kwenye panga ni kasoro. Kwenye kisu kinachozunguka ni hatari kwa maisha. Hata kwa kisu halali cha dukani, mtu mwingine asikae ndani ya mita 15, na watoto wanaopenda kufuata mashine waondolewe kabla haijawashwa.

Jambo dogo la kufunga kisu, kwa kuwa huharibu mashine nyingi: nati yake ina nyuzi za kushoto. Unapofungua, unazungusha kulia. Anayelazimisha kwa mazoea ya baiskeli huikata.

Shule, zahanati na nyumba za wageni zina mashine ya aina nyingine, ile ya kusukuma yenye magurudumu. Hapo visu huuzwa kwa umbo la mabawa yake. Bawa lililoinuka sana huvuta upepo kutoka chini, husimamisha nyasi na kuzitupa mbali au ndani ya mfuko. Ndilo linalosifiwa kwenye maboksi. Kwenye kichanga bawa hilo huvuta mchanga pamoja na nyasi, na mchanga hulila hadi linatoboka. Agiza lenye bawa fupi, hata kama halitandazi nyasi vizuri. Aina ya tatu, kisu cha kusaga, kina mpindo na makali marefu zaidi. Hukirudisha kipande cha jani kwenye makali mara kadhaa hadi kiwe chembe.

Kisu hicho cha kusaga kinatupeleka kwenye majani yanayopukutika. Uwanja wenye mkungu huujua usumbufu huu, maana mti huo hupukutisha majani mapana kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Kisu cha kusaga huyamaliza papo hapo, yakiwa makavu. Yakiwa na umande hugandamana chini ya kifuniko na mashine hulemewa. Subiri jua lipande, inua kimo, pita mara mbili.

Shambani, jani la mkorosho ni gumu kama ngozi na huchelewa kuoza. Wengi huchoma. Nasikitika kila ninapouona moshi huo, kwa sababu kichanga hakishiki maji wala mbolea, na majani hayo ndiyo blanketi pekee lililo bure. Baada ya masika, mwezi Mei au Juni, fyeka nyasi kwa meno matatu, pitisha kisu juu ya majani makavu yavunjike, uyaache hapo yafunike udongo. Usiyafukie, maana yakioza ndani ya udongo huazima nitrojeni ambayo mti unaihitaji.

Kufikia Septemba hesabu inabadilika. Korosho zinakaribia kuanguka zenyewe, na zitaokotwa chini. Zikijificha kwenye majani, kisha mvua za vuli zikawahi, hupata madoa na kushuka daraja ghalani. Majani hayohayo, wakati huo yamekauka, ni njia ya moto kutoka shamba la jirani. Hapo yavute kwa reki kutoka chini ya mwavuli wa mti, uyalaze katikati ya mistari. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayo nafasi hiyo. Iliyobanana haina, na huko ni heri majani yapelekwe kwenye shimo la mboji. Ukanda wa mpakani ufyekwe na kufagiwa mpaka mchanga uonekane, upana usiopungua mita tatu, kabla ya korosho ya kwanza kudondoka.

Wiki ijayo: kunoa kwa tupa, na namna ya kujua kisu kimepoteza mizani.